Sahihi Mbili

Kila Jumamosi asubuhi, akishafagia ua na kunywa chai, Chiriku alimfuata baba yake kazini. Jina lake la shuleni lilikuwa jingine kabisa, lakini nyumbani na mtaani hakuna aliyekuwa na habari nalo. Alibandikwa jina hilo, la ndege asiyeisha kelele, akiwa na miaka mitatu, kwa sababu tangu alipojua kusema hakujua tena kunyamaza. Aliongea akila, akioga, hata akipiga mswaki. Mama yake aliapa kwamba aliwahi kumsikia usingizini akimweleza mtu sheria za penalti.

Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa golikipa wa timu ya wasichana ya shule yao. Mabeki wake walikuwa wakisema kwamba kabla mpira haujafika golini, sauti ya Chiriku huwa imeshaufukuza.

Baba yake alikuwa fundi viatu. Kibanda chake cha bati kilikuwa na upana wa kitanda kimoja, kimebanwa katikati ya duka la vipuri vya baiskeli na kinyozi. Ndani kulinuka gundi, nta na ngozi ya viatu. Rafu zilijaa viatu vilivyosubiri wenyewe, vingine kwa wiki, vingine kwa miaka. Akiwa kazini, baba aliweka misumari midogo mdomoni, akiitoa mmoja mmoja, kwa hiyo jibu lake kwa kila jambo lilikuwa "Mm."

"Ndiyo maana mimi na mwenzangu tunapatana," aliwaambia wateja alipokuwa ametema misumari. "Yeye ana maneno mdomoni, mimi nina misumari."

Kazi ya Chiriku ilikuwa kuvipiga rangi viatu vilivyokwisha kushonwa, kuvisugua mpaka ving'ae, na kuvirudishia kamba. Kwa kila jozi baba alimlipa mia moja, na jozi ikiwa na kona yenye vumbi hakulipwa kitu mpaka airudie. Siku njema alimaliza jozi kumi.

Pesa hizo zilikuwa na safari yake. Barabarani, mbele kidogo ya kibanda, kulikuwa na duka la vifaa vya michezo, na katika dirisha la duka hilo zilining'inia glavu za golikipa: nyeusi, zenye mistari ya kijani, viganja vyake laini vya kunasa mpira. Bei yake elfu kumi na mbili. Chiriku alipita kuziangalia kila siku akitoka shule, mpaka mwenye duka akachoka.

"Mwanangu," alimwambia siku moja, "hizi si mimea. Hata uzitazame vipi hazitakua."

Baba alimshonea kibubu cha kuwekea pesa. Hakikuwa cha mbao wala cha udongo, bali cha ngozi ngumu, mraba, kama mto mdogo wa kulalia mwanasesere. Juu kilikuwa na mpasuko wa kutosha sarafu au noti iliyokunjwa. Pande zake zote nne zilishonwa kwa uzi uliopakwa nta.

"Hakina mlango," baba alimwambia. "Siku ya kukifungua utakata uzi. Na utakata mara moja tu, siku utakapofikia kiasi unachotaka."

Kibubu kikawekwa juu ya kabati la vyombo. Kila Jumamosi Chiriku alitumbukiza mshahara wake, kisha akaandika nyuma ya daftari lake la hesabu kiasi alichoweka. Zaidi ya miezi mitatu ilipita hivyo. Alipita mbele ya muuza barafu akajifanya hamwoni. Shangazi yake alipomletea zawadi ya elfu moja kwa kufaulu mtihani, nayo ikaingia humo humo.

Hatimaye, Ijumaa moja, daftari likasema elfu kumi na mbili na mia nne.

Alirudi kutoka shule mbio, mkoba ukimpiga mgongoni. Mama alikuwa amefika kutoka kazini. Alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi, na hata nyumbani hakuweza kuona nguo bila kuikunja. Mdogo wake Chiriku, ambaye wote walimwita Kitinda kwa sababu ndiye aliyefunga mlango wa uzazi, alikuwa sakafuni akicheza gololi. Alikuwa na miaka sita na tumbo la mzee wa sitini.

"Leo ndiyo leo!" Chiriku alisema. "Mama, acha shati hilo. Kitinda, sogea huko. Nipeni mkasi. Mama, kesho utanisindikiza au niende na baba? Maana Jumapili hii ndiyo mechi, na golikipa wao, mama, ana glavu tangu mwaka jana, halafu anaringa nazo mpaka—"

"Kata kwanza," mama alisema akicheka. "Utaringa baadaye."

Akakata uzi upande mmoja, akakishika kibubu kichwa chini, akakitikisa. Pesa zikamwagika mkekani. Akazipanga, noti kwa noti, sarafu kwa sarafu. Akazihesabu. Akazihesabu tena. Kisha akamsukumia mama.

Mama naye akahesabu. "Elfu saba na mia nne," alisema polepole. "Hebu lete daftari."

Daftari halikuwa na kosa. Elfu tano hazikuwepo.

Chiriku alihisi masikio yakimwaka moto. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye mkono wa mdogo wake, ambao ulikuwa umefumba gololi sita za kioo, mpya, zenye rangi ndani yake.

"Hizo umezitoa wapi?"

"Nimeshinda," Kitinda alisema.

"Umemshinda nani?"

"Mtoto wa kinyozi."

"Mwongo! Wewe hujawahi kumshinda mtu. Na wiki iliyopita nilikukuta juu ya kiti unatikisa kibubu changu sikioni!"

"Nilikuwa nasikiliza tu! Kinalia vizuri."

"Mwizi! Mwizi mkubwa, umeiba pesa zangu!" Alisema kwa sauti ile ile ya kuwapangia mabeki, na dirisha lilikuwa wazi.

"Chiriku," mama alisema. "Neno hilo lirudishe."

"Silirudishi. Kama si yeye ni nani? Panya?"

Kitinda alianza kulia, kwanza taratibu, kisha kwa kwikwi. Ni wakati huo baba alipoingia, mfuko wa kazi begani. Alisimama mlangoni akauliza kuna nini. Mama akamweleza. Baba aliitazama ile ngozi iliyolala wazi mkekani. Akamtazama Kitinda. Kisha akainama kuvua viatu vyake, na shughuli hiyo ikamchukua muda mrefu sana kwa mtu wa kazi yake.

"Tuliache mpaka kesho," alisema bila kuinua uso. "Mtoto asipigwe wala asitukanwe." Kisha akatoka kwenda kuoga.

Jioni hiyo Kitinda hakumaliza chakula chake, jambo ambalo halikuwahi kutokea nyumbani humo. Kabla ya kulala alikuja kitandani kwa dada yake, akazipanga gololi zake zote sita pembeni mwa mto.

"Uziuze," alisema, akaenda zake.

Chiriku alizisukuma mpaka zikaanguka sakafuni. Lakini usingizi ulichelewa kumjia.

Asubuhi akaiokota ile ngozi iliyokatwa ili aitupe. Akaigeuza mara moja, kisha akaenda nayo dirishani kwenye mwanga. Uzi wa pande tatu ulikuwa umefifia, una vumbi la miezi mitatu juu ya kabati. Uzi wa upande wa nne ulikuwa mweusi, unang'aa, na nta yake ilinata bado kidoleni. Upande huo ulikuwa umefumuliwa ukashonwa upya.

Na si mshono wa kubahatisha. Ulikuwa mshono wa sindano mbili, ambao sindano moja hupita kulia na nyingine kushoto katika tundu moja, na uzi ukavutwa kwa nguvu sawa pande zote. Chiriku mwenyewe alikuwa akijifunza mshono huo kwa mwaka mzima, na bado wake ulikwenda upogo. Kitinda, kwa upande wake, hakuwa anajua hata kufunga kamba za viatu vyake.

Alikaa kitini na ile ngozi magotini. Mtaa mzima, aliyejua kushona hivyo alikuwa mtu mmoja tu.

Alikwenda kibandani kama kawaida. Akaamkia, akaketi kwenye kigoda chake, akachukua brashi. Akapiga rangi jozi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baba alimtupia jicho. Mteja aliingia akachukua viatu vyake akatoka, na Chiriku hakumuuliza anakwenda wapi navyo. Kinyozi wa jirani alichungulia mlangoni.

"Fundi, kuna msiba? Mbona leo kimya?"

"Mm," baba akajibu.

Kinyozi alipoondoka, baba akatema misumari kwenye kiganja. "Unaumwa?"

"Hapana, baba."

"Una njaa?"

"Hapana."

Akarudi kwenye kazi yake, nyundo ikagonga mara mbili ikasimama. Chiriku akaendelea kusugua kiatu ambacho kilikuwa kimeng'aa zamani. Huyu ndiye baba aliyembeba mgongoni siku alipoteguka mguu. Ndiye aliyemtolea visigino vya zamani agongee misumari ya mazoezi. Utamwanzaje mtu kama huyo?

Mwisho akauliza, macho yakiwa kwenye kiatu: "Baba, mshono wa sindano mbili, mtu wa miaka sita anaweza kuushona?"

Baba alikigeuza kiatu alichokuwa akikigonga.

"Hawezi," baba alisema.

"Basi mimi nimemwita Kitinda mwizi bure."

Baba aliiweka nyundo chini. Akafuta mikono yake kwenye aproni, kidole baada ya kidole. "Neno hukukosea, mwanangu," alisema. "Ulikosea mtu."

Kisha akamweleza yote, bila kujificha. Siku kumi zilizopita, nesi wa zahanati alimletea viatu vyake vyeupe vya kazini avibadilishe visigino. Baba alivitundika karibu na jiko analoyeyushia nta, akaenda kunywa maji, na aliporudi kisigino kimoja kilikuwa kimeyeyuka na ngozi imejikunja. Ilimbidi anunue soli na ngozi nyeupe, amtengenezee nesi vingine. Mfukoni hakuwa na kitu. Kumwambia mama aliona aibu, maana mama alikuwa amemwambia mara mia asogeze jiko lile.

"Nikakumbuka kibubu," alisema. "Nikafumua upande mmoja, nikatoa elfu tano, nikashona. Nilijiambia nitarudisha kabla hujajua. Wewe ukafungua mapema kuliko nilivyodhani."

"Na jana? Kitinda alikuwa analia, baba."

"Jana nilikuwa mwoga," alisema. "Hilo sina la kulitetea."

Akasimama, akaanza kufunga kibanda, na hiyo ilikuwa saa nne ya siku ya Jumamosi, wakati wateja wake ndio kwanza wanaanza kuja. Mwanamke mmoja alikuwa anakuja na kiatu mkononi. "Fundi, unaenda wapi?"

"Nina mshono umefumuka nyumbani," baba alijibu, akapiga kufuli.

Walimkuta mama anaanika nguo, na Kitinda kwenye ngazi ya mlango, mashavu mikononi kama mtu mwenye watoto wengi wa kulisha. Baba hakungoja kuingia ndani. Alichuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na ya mwanawe.

"Pesa za dada yako nilichukua mimi," alisema. "Jana nilikuona unalaumiwa, nikanyamaza. Nimekukosea sana. Nisamehe, baba."

Kitinda alimtazama, kisha akamtazama dada yake, kisha baba tena. "Wewe?" alisema. "Na wewe ni mkubwa!"

"Ndiyo. Na mimi ni mkubwa."

Mama alikuwa ameshika shati lenye maji, likimtiririkia miguuni. Alilibana kambani taratibu kwanza. "Hilo la pesa," alisema, "nitakusamehe kabla hatujala. Hata la jiko. Lakini hilo la kusimama mlangoni ukamwona mtoto anavyolia, hilo nipe siku mbili tatu."

"Nitangoja," baba alisema.

Sasa ikawa zamu ya Chiriku. Alikaa ngazini kando ya mdogo wake. "Nisamehe, Kitinda. Nilikusingizia."

Kitinda alifikiri. "Jana ulisema kwa sauti kubwa," alisema. "Majirani walisikia. Kwa hiyo na leo useme kwa sauti kubwa."

Chiriku akasimama, akavuta pumzi, akaielekeza sauti yake upande wa barabara: "Mdogo wangu si mwizi! Nilikosea mimi!"

"Tulijua!" ikajibu sauti ya mwanamke kutoka nyumba ya pili, na hata mama ikambidi ageuze uso ili asionekane anacheka.

Jumapili Chiriku alidaka kwa mikono mitupu. Baba alisimama nyuma ya goli muda wote wa mchezo, na kila shuti lilipopiga viganja vya mwanawe alikunja uso kama aliyechomwa sindano. Walifungwa mawili kwa moja. Chiriku alirudi nyumbani viganja vimemwiva kama nyanya, lakini hakumlaumu mtu.

Kwa wiki mbili baba alifungua kibanda mapema kuliko wote mtaani. Ijumaa ya pili, mbele ya kila mtu, aliweka mkekani noti tano za elfu moja moja, akamwomba Kitinda azihesabu. Kitinda alihesabu kwa sauti, akakosea kwenye nne, akaanza upya.

"Haya, zimetimia," Chiriku alisema. "Baba, utanishonea kibubu kingine?"

"Hapana," mama alidakia. Siku mbili tatu alizozitaka zilikuwa zimefika kumi na tatu, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Kibubu kikikaa juu ya kabati, kila mwenye shida humu ndani atakitupia jicho. Hata mimi nilishawahi kukiangalia, siku ile sabuni ilipokwisha. Tukamfungulie akaunti benki. Ya jina lake."

Asubuhi iliyofuata wakaenda wote wanne. Mama alikuwa amewapiga pasi mpaka Kitinda akakataa kukaa chini, akiogopa kuvunjika. Chiriku alibeba bahasha: cheti chake cha kuzaliwa, picha zake mbili ndogo, na vitambulisho vya wazazi. Pesa zake alizishika mwenyewe, elfu kumi na nne na mia nne, pamoja na elfu mbili alizopata kwa kazi ya wiki hizo mbili.

Walichukua namba, wakangoja kwenye viti vya plastiki, kisha wakaitwa mezani kwa dada mmoja mwenye miwani iliyofungwa mkufu shingoni.

"Akaunti ni ya nani?" afisa yule aliuliza.

"Yangu," Chiriku alisema.

"Basi nitazungumza na wewe." Akageuza kiti kumwelekea. Hapo baba na mama wakajua kwamba dada wa watu hajui alichojitakia.

"Shikamoo. Pesa zangu mtaziweka kwenye droo gani? Mtajuaje kwamba hizi ni zangu na si za yule mzee wa dirishani? Na mimi nikizitaka usiku? Na benki ikifungwa sikukuu?"

Afisa alicheka, akajibu moja moja. Noti zitachanganyika na za wengine, alisema. Kinachobaki chake ni hesabu, na hesabu haipotei. Kila mara atakapoweka, itaandikwa kwenye kijitabu chake. Na kwa kuwa benki itazifanyia kazi pesa zake wakati yeye anangoja, mwisho wa mwaka itamwongezea kidogo. "Kidogo kweli," alisema, "usije ukaacha shule."

"Na mtu akitoa bila mimi kujua?"

"Hapa hakuna kutoa kimya kimya. Hata senti moja ikitoka, inaandikwa siku, na inaandikwa nani aliyetoa."

Baba akakohoa.

Afisa akajaza fomu mpaka akafika mahali akainua kalamu. "Kwa kuwa yeye ni mtoto, wazazi ndio watakaomtilia sahihi ya kutoa pesa mpaka atimize miaka kumi na minane. Niandike baba peke yake, mama peke yake, au wote wawili? Wengi huandika mmoja, ni rahisi."

"Wote wawili," baba alisema.

"Mtasumbuka. Kila mkitaka kutoa itabidi mje pamoja."

"Ndivyo ninavyotaka. Sahihi yangu peke yake isitoshe."

Afisa alishangaa kidogo. "Kuna sababu yoyote?"

Chiriku alifungua mdomo, kisha, kwa nguvu zake zote, akaufunga. Hilo lilikuwa la baba kulisema au kuliacha.

"Ipo," baba alisema. "Niliwahi kuchukua pesa za mtoto huyu bila kumwomba. Sitaki iwe rahisi tena."

Afisa aliandika "wote wawili" kwa herufi za wazi, akageuza fomu. Mama alitia sahihi kwanza. Baba alipoinama kutia yake, mama aliweka mkono wake mgongoni kwake, akauacha hapo hapo mpaka alipomaliza kuandika.

"Kianzio ni elfu tatu," afisa alimwambia Chiriku. "Unaweka akiba ya nini?"

"Glavu za golikipa. Elfu kumi na mbili."

"Na baada ya glavu?"

Chiriku alitazama dari, akatazama kijitabu. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna kitu baada ya glavu.

"Dada, andika tarehe ya leo," mama alisema. "Mwanangu amekosa la kusema."

Walicheka wote, lakini Chiriku alikuwa akipiga hesabu. Akiweka elfu tatu, zinabaki elfu kumi na moja na mia nne. Kwa glavu zinapungua mia sita. Baba naye alikuwa amepiga hesabu hiyo, mkono wake ukaenda mfukoni.

"Mwache," mama alisema. "Pesa ni zake, achague mwenyewe. Mwanangu, unaweza kununua glavu leo tukarudi kufungua akaunti siku nyingine. Au ufungue leo, glavu zikungoje."

Chiriku alizitazama noti zake kwa muda. Mechi ilikuwa imekwisha pita. Nyingine ilikuwa mwezi mzima mbele. "Nimengoja zaidi ya miezi mitatu," alisema. "Wiki moja haitaniua." Akahesabu elfu tatu, akazisukuma mezani.

Jumamosi iliyofuata alipiga rangi jozi kumi na moja, na saa saba mchana alikuwa dukani.

"Umekuja kuzitazama?" mwenye duka aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nimekuja kuzichukua," Chiriku alisema.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila mwanzo wa mwezi Chiriku na baba yake walikwenda benki kuweka alichopata. Alikuwa sasa ana jibu la swali la afisa, tena majibu matatu: sare ya mwaka ujao, baiskeli siku moja, na fungu ambalo hakulipa jina, la siku asiyoijua. Kitinda naye alikuwa ameanza kuulizia akaunti inafunguliwa kwa gololi ngapi.

Siku moja, wakirudi kutoka benki kwa miguu, Chiriku aliuliza jambo alilolibeba kwa miezi.

"Baba, siku ile, kwa nini hukuniomba tu?"

"Niliogopa utasema hapana."

Chiriku alifikiri kwa haki. "Ningesema hapana," alikubali. "Siku ya kwanza. Halafu ningekuona unavyohangaika na viatu vya nesi, siku ya pili ningekupa."

Baba alicheka mpaka mpita njia mmoja akageuka. Kisha uso wake ukatulia.

"Sikiliza, mwanangu. Anayeomba amekubali moyoni kwamba anaweza kunyimwa. Mimi sikutaka kunyimwa, ndiyo maana sikuomba. Lakini pesa ina mwenyewe, na mwenyewe ana haki ya kukataa, hata akiwa mtoto, hata anayeomba akiwa baba yake. Wewe utakua, utashika pesa za watu: za kazini, za nyumbani, pengine za watoto wako. Siku utakayojisikia unasema moyoni, 'Nitarudisha kabla hajajua,' simama hapo hapo, weka chini ulichoshika, nenda ukamwombe mwenyewe. Maneno hayo ndiyo niliyokuwa nikijiambia mimi, na mkasi mkononi."

Chiriku alilibeba jambo hilo kimya kwa hatua kama ishirini hivi, na kwake hiyo ilikuwa safari ndefu. Walikuwa wamefika kwenye kona, na mwanamke mmoja alikuwa amepanga vifungu vya karanga za moto juu ya sinia. Harufu yake ilijaa njia nzima.

"Baba," alisema, "naomba mia mbili ninunue karanga."

"Hapana," baba alisema.

Chiriku akamtazama, baba naye akamtazama.

"Sawa," Chiriku alisema, akamshika mkono, wakaendelea na njia yao, na kabla hawajavuka barabara alikuwa ameshaanza hadithi nyingine.